Kinasa Sauti Kilichovikwa Nailoni

Tangu tuhamie Karagita, kando ya ziwa, kifungua mimba wangu, Kipketer, aliwajua mnandi, wale ndege weusi wanaotaga kisiwani, kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Ndiyo maana watu wa utafiti walimchukua atunze vinasa sauti vyao. Alivifunga mitini huko kisiwani, na kila wiki alivuka kwa mtumbwi kuchukua kadi iliyojaa sauti na kuweka nyingine. Kompyuta ya ofisini Nakuru ilihesabu vilio ikasema ndege ni wangapi. Aliambiwa msimu wa kutaga ukiisha vizuri, ataandikwa kazi ya kudumu.

Mvua ya Aprili ilipoanza, roho yangu haikutulia. Nyumbani kwangu kitu cha maana hakikai uchi. Hata rimoti ya televisheni iko ndani ya nailoni tangu siku tuliyoinunua.

Nilimletea vipande vya karatasi ya nailoni ya greenhouse kutoka shamba la maua ninakofanya kazi, nikamwambia avifunike vinasa vyake.

"Mum, hivi vimetengenezewa mvua," alisema akicheka. "Si rimoti yako."

"Vikiharibika mikononi mwako, utawaambia nini?"

Siku tatu sikumwacha. Ya nne alibeba zile karatasi.

Juni, msimamizi wake, Levis, alipiga simu. Alisema ndege wamehama, kadi hazina kitu. Kipketer alimjibu kwamba hata jana aliwaona, miti imejaa makinda.

"Boss, nimewaona kwa macho yangu."

"Macho yako siwezi kuyaweka kwenye ripoti," Levis alisema.

Alikuja mwenyewe, akavuka kwa mtumbwi. Akakuta nailoni imefungwa kwa kamba, nadhifu kama zawadi. Msimu mzima vinasa vyake vilikuwa vimesikia upepo ukichakarisha karatasi, na juu yake mamia ya ndege wakilia bure. Alimuuliza nani alimfundisha hivyo. Kipketer alisema ni wazo lake mwenyewe. Hayo nilisimuliwa na mwenye mtumbwi.

Kisiwa kikapewa mtu mwingine. Kijana wangu sasa anapuliza dawa kwenye maua, safu mbili kutoka kwangu. Hajawahi kunilaumu. Heri angenilaumu.

Jioni akija kutazama habari, huchukua rimoti. Nailoni ikichakarika mkononi mwake, huiweka chini na kwenda kubonyeza televisheni yenyewe. Mara nyingi nimetaka kuivua ile nailoni. Lakini Karagita ina vumbi.