Macho ya Chepkemoi na Magugu ya Pareto

Chepngeno alikuwa mtu wa kuuliza tangu utotoni. Kwao, juu ya Kuresoi, ng'ombe walikuwa wakipita mapori mawili mazuri ili wafike kwenye bonde moja na kuramba udongo wake, na yeye hakutulia mpaka alipouonja udongo ule kwa ulimi wake mwenyewe. Mama yake alimpiga kofi la mgongo na kumwambia ateme. Aliutema, lakini alikuwa amekwisha kujua kwamba una chumvi.

Alipokuwa mtu mzima aliolewa na Kosgei, mchungaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu mmoja karibu na Keringet. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali ilikuwa imewapakia Wakikuyu wengi wa mashamba yale kwenye malori na kuwarudisha makwao, ingawa wengine walikuwa wamezaliwa hapo hapo na makwao hawakupajua. Mahali pao pakahitaji watu wapya wa kuchuma maua ya pareto, na mzungu akawajengea laini mpya: safu mbili za nyumba za udongo, na pareto imepandwa hadi mlangoni. Wa laini ya zamani, kama Kosgei na Chepngeno, walikuwa bado wana ng'ombe wachache na vishamba vya nyuma ya nyumba. Wa laini mpya hawakuruhusiwa kufuga wala kulima. Walipewa unga wa posho, maharagwe na chumvi, na Jumamosi maziwa yaliyokwisha kutolewa krimu.

Katika laini hiyo mpya alikuja kukaa Chepkemoi, mdogo wake Chepngeno. Mume wake alipata kazi ya kuendesha trekta, naye akachuma maua akiwa na mtoto mchanga, Kipkorir, mgongoni.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Kisha jioni moja, wakitoka kupimisha maua, Chepngeno alihisi shuka yake inavutwa kwa nyuma. Aligeuka akamwona mdogo wake ameishika pembe kwa vidole viwili.

"Mbona unanishika kama mtoto?"

Chepkemoi hakuiachia. "Jua likishaingia mimi sioni," alisema.

"Huoni kabisa?"

"Ni kama mtu amenifunika blanketi. Asubuhi naona vizuri tu. Tafadhali usiseme kwa watu. Watasema nimeangaliwa vibaya."

Chepngeno hakusema. Lakini haikupita wiki, Chepkemoi akatumbukia kwenye mtaro wa maji akiwa na Kipkorir mgongoni, wakati ambao mtu yeyote mwingine angeuona mtaro ule bila shida. Mtoto alivimba paji la uso, akalia mpaka sauti ikamkauka. Laini nzima ikajua.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni jicho la mtu. Wengine walisema ni vumbi la pareto, na hawa Chepngeno aliwasikiliza zaidi. Kila mtu alijua kwamba ua lile likikaushwa na kusagwa linaua viroboto, nzi na mende. Kama linaua nzi, kwa nini lisidhuru jicho? Basi akaenda kwa Kimutai, nyapara wa shamba, akaomba achume sehemu ya mdogo wake pamoja na yake, ili Chepkemoi akae nyumbani mbali na vumbi. Kimutai alikuwa mtu wa maneno machache. Alikubali bora vikapu vijae.

Chepngeno alichuma mpaka kucha zikawa za manjano. Kila jioni alipita kwa Chepkemoi, akasimama mlangoni na kuinua mkono.

"Vidole vingapi?"

"Sioni hata mkono, dada."

Mwezi ulipoandama na kuisha bila mabadiliko, ndipo Chepngeno alipomfikiria Khaemba. Huyu alikuwa Mbukusu aliyekuja peke yake kutoka upande wa Mlima Elgon, na kazi yake ilikuwa kuchochea moto katika nyumba ya kukaushia pareto. Hakuna mtu aliyekula vumbi kama yeye. Nywele, nyusi na kofia yake vyote vilikuwa rangi moja. Chepngeno alimkuta ameketi nje ya nyumba ile, kiza kikianza kuingia, akishona gunia.

"Mzee Khaemba, wewe jioni unaona?"

"Mama, mimi naona mpaka kiroboto akiruka."

"Hata na vumbi hili lote?"

"Vumbi linanipigisha chafya. Macho halijui." Akatunga uzi kwenye sindano mbele yake, kwa mara moja, bila kulamba uzi.

Basi si vumbi. Chepngeno alisimama pale akiona kazi yake ya mwezi mzima ikimwagika kama maji, lakini ajabu ni kwamba hakusikitika sana. Alikuwa anaangalia sufuria iliyokuwa kando ya moto, ambayo Khaemba alikuwa ameisogeza nyuma ya mguu wake.

"Umepika nini?"

"Ni majani tu."

"Majani gani?"

Akafunua. Ilikuwa ni managu, yale majani machungu ambayo kwao Chepngeno yalipikwa na maziwa tangu zamani. Katika shamba la pareto yalimea yenyewe kama magugu, na kina mama walilipwa kuyang'oa na kuyarundika yachomwe. Khaemba alikuwa anapita kwenye marundo kabla ya moto.

"Nyapara asijue," alisema. "Alikwisha kusema magugu hayatoki shambani."

Tangu siku ile Chepngeno akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hakuwa na haya. Aliuliza jana mlipika nini, juzi mlipika nini, na nani hapa jioni anapapasa ukuta. Wanawake wengine walimjibu vizuri, wengine walimfungia mlango, na wengine wakampachika jina la Mama Umekula Nini. Lakini alipomaliza alikuwa na jambo la kufikiria. Katika laini ya zamani hakukuwa na hata mtu mmoja aliyepapasa, ila bibi kizee Cheptanui, mama mkwe wake, na huyo hakuona hata mchana. Katika laini mpya walikuwa wengi, na karibu wote walikuwa kina mama wanaonyonyesha na watoto wadogo. Chakula chao kilikuwa kimoja: ugali na maharagwe leo, ugali na maharagwe kesho.

Chepngeno akakata shauri kwamba dawa ni uchungu. Managu ni machungu, dawa nyingi ni chungu, na laini mpya hawakula kitu kichungu hata kidogo. Alificha majani chini ya kanga, akayachemsha mpaka maji yakawa meusi, akatia na magome ya mti ambao mama yake alitumia kwa homa. Akamwaga majani, akampelekea Chepkemoi maji yale kwenye kikombe. Chepkemoi alikunywa akikunja uso, siku baada ya siku, mpaka tumbo likaanza kumsokota.

"Dada," alisema siku moja, "sasa sioni na tumbo linauma."

Hapo Chepngeno alikubali kwenda kwa Jonah. Jonah alikuwa dresa wa Keringet, yule anayefunga vidonda na kugawa dawa, na alikuwa na sifa ya kutomfukuza mtu. Alimkalisha Chepkemoi penye mwanga, akamfungua jicho kwa kidole gumba, akaonyesha mahali penye weupe wa jicho palipokuwa pamekauka kama povu la sabuni.

"Umempa nini mpaka sasa?" alimwuliza Chepngeno.

Chepngeno akaeleza yote: vumbi, Khaemba, nyumba alizopita, maji machungu. Jonah aliweka chini kila alichoshika, akasikiliza.

"Hapo kwa Khaemba ulikuwa karibu sana," alisema. "Lakini si uchungu. Kama ni uchungu, kwinini ya malaria ingewaponya, na kwinini tumewapa wote. Kuna kitu ndani ya majani mabichi ambacho jicho linakitumia kuona penye mwanga mdogo. Kiko kwenye ini pia, na kwenye kiini cha yai, na malenge ya manjano."

"Malenge ni matamu."

"Ni matamu, na kitu kimo."

Chepngeno alilisukuma jambo hilo huku na huku. "Na mimi nilimwaga majani nikampa maji."

"Ulimwaga chenyewe. Hakipendi maji, kinapenda mafuta. Pika majani na maziwa."

"Lakini wanakunywa maziwa. Kila Jumamosi."

"Maziwa gani?"

"Yaliyotolewa krimu," Chepngeno alisema polepole. Maziwa ya laini mpya yalikuwa mepesi, karibu ya buluu. Krimu ilikuwa inapanda lori kwenda kiwandani.

"Basi ndiyo hayo," Jonah alisema. Alimpa Chepkemoi vijiko vichache vya mafuta ya ini la samaki kutoka chupa iliyokuwa karibu kuisha, akasema yaliyobaki atayaweka kwa ajili ya watoto. "Ni muda gani majani yatachukua, hilo mimi sijui. Nilisoma tu. Sijapata kuona mtu akifuata jambo hili nyumba kwa nyumba kama wewe. Jaribu, halafu urudi uniambie."

Chepngeno alirudi nyumbani akitembea haraka kuliko mdogo wake. Kuanzia hapo alimpikia managu katika maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, yakiwa na utando wake wote juu, na malenge ya nyuma ya nyumba. Chepkemoi alikula vizuri, maana hiki kilikuwa chakula na si adhabu. Jioni waliketi nje pamoja, na Chepngeno hakuinua tena mkono, kwa sababu aliogopa jibu.

Siku moja ukungu ulikuwa umeshuka na jua limekwisha ingia. Chepkemoi alikuwa ananyonyesha.

"Kuna kuku juu ya kuni," alisema.

Chepngeno aligeuka. Kweli, kuku wa jirani alikuwa amejikunyata juu ya kuni, rangi yake karibu moja na ya magogo. Alimwangalia kuku yule, akamwangalia mdogo wake. Chepkemoi alikuwa analia na kucheka, na Kipkorir akaacha ziwa ili atazame kuna nini.

Ilibaki laini nzima. Maziwa ya Chepngeno yasingetosha watu wote, lakini krimu kidogo Kosgei angeweza kuomba kwa mtu wa mashine ya kutenga krimu, na managu yalikuwa tele shambani. Akaenda kumwona Kimutai penye mizani.

"Nyapara, naomba kina mama wabebe managu wanayopalilia."

"Wakibeba magugu, chini yake watabeba maua."

"Wayamwage kwenye gunia mbele yako kabla ya kutoka."

"Na mimi nikae nikichambua majani kama mpishi? Hapana, mama."

Chepngeno hakuondoka. Alikuwa ameyaona mambo mengi katika kupita kwake, na moja hakuwa amelisema kwa mtu. "Mke wako ana mimba," alisema kwa sauti ya chini. "Siku hizi jioni haendi mtoni mpaka mtoto amtangulie. Jana alikula nini?"

Kimutai aliangalia pembeni. Aliweka sawa mawe ya mizani ambayo yalikuwa sawa tayari. Watu wawili walikuja kupimisha, akawapimia, wakaenda zao.

"Hayo majani," alisema hatimaye, "yanapikwaje?"

Kesho yake gunia lilitandikwa kando ya mizani. Mama mmoja alipatikana na maua chini ya managu siku ile ile ya kwanza, na Kimutai akamgombeza kwa nguvu, lakini gunia hakulitoa. Mvua zilipokwisha, ukipita laini mpya wakati wa mapishi ungesikia harufu ya managu kila nyumba, na watoto wakicheza nje mpaka waitwe. Jonah alikuja mwenyewe kuona. Alitembea na Chepngeno mlango kwa mlango akiuliza nani alianza lini, na wakabishana njia nzima juu ya watoto, ambao walipona haraka kuliko mama zao, na hakuna kati yao aliyejua kwa nini.

Aliyebaki ni bibi kizee Cheptanui. Chepngeno alimlisha managu, ini, malenge na mayai, na bibi akanenepa, lakini hakuona. Jambo hili lilimkera Chepngeno sana. Jonah akamwambia ni ugonjwa mwingine, mtoto wa jicho, na hakuna chakula kitakachouondoa. Kunahitajika kisu cha daktari. Chepngeno hakupenda kusikia hivyo, ila aliamini, akamsindikiza bibi mpaka hospitali ya Nakuru. Walikaa huko mpaka jicho moja likafunguliwa kitambaa. Kitu cha kwanza ambacho bibi alisema ni kwamba Chepngeno amekonda.

Siku ya kurudi walipita sokoni kupumzika. Mwanamke mmoja kutoka upande wa Elementaita alikuwa anauza vitunguu, na alipowachekea, Chepngeno aliona meno yake. Yalikuwa ya kahawia, yenye mistari, ingawa alikuwa bado kijana. Watoto wake wawili walikuwa hivyo hivyo.

"Samahani, mama," Chepngeno alisema. "Hayo meno ni ya moshi wa kuni?"

"Ni ya kwetu tu. Huko kila mtu huota meno hivi."

"Na mkihama?"

Mwanamke alifikiri. "Mtoto wa dada yangu alizaliwa Molo. Yake ni meupe."

Bibi Cheptanui alivuta mkono wa mkwewe, akasema basi litawaacha. Chepngeno alikuwa amekwisha kuchuchumaa.

"Mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Yana magadi kidogo, lakini tumezoea." Mwanamke akanyanyua chupa yake kutoka kwenye kivuli cha gunia. "Unataka kuonja?"

Chepngeno alipokea chupa kwa mikono miwili, akapiga funda, akalikalisha kinywani kabla ya kumeza.