Pumzi Kwanza, Shingo Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini, katika thieta ya hospitali moja ya Kitui, nilimkuta Afisa Mkuu wa Usingizi ameinamia mgonjwa, ameshika taya lake kwa mikono miwili. Alikuwa mama mfupi wa Mwingi, Mwislamu, kitambaa chake cha kichwa kikichungulia chini ya kofia ya thieta. Hakuinua macho.

"Wewe ndiye Mutisya? Sogea. Daktari wa upasuaji akikata vibaya, anaweza kushona. Sisi hatuna cha kushona. Mgonjwa akishalala, pumzi yake ni amana."

Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: afisa wa kliniki wa dawa ya usingizi. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache. Tulitazama rangi ya midomo na kucha, tukashika mpigo wa moyo kwa vidole, na masikio yetu hayakutoka kwenye kifua cha mgonjwa. Yule mama alinifinyanga. Nilipohamishiwa Makueni nilikuwa nimelaza usingizi akina mama wa kujifungua, wenye ngiri, na waliovunjika miguu kwa pikipiki.

Wenye shingo mbovu tulikuwa tukiwaelekeza Nairobi. Upasuaji wa shingo wakati huo ulitaka mkato mrefu kisogoni, misuli ikabanduliwa kwenye mfupa, na mgonjwa alikaa wodini hadi watu wa nyumbani wakachoka kuja kumwona. Kisha tukaletewa Daktari wa Uti wa Mgongo, kijana mpole aliyejifunza kutumia endoskopu. Hiyo ni mrija mwembamba kama kalamu, wenye taa na kamera kwenye ncha. Unapitishwa kwenye tundu dogo kisogoni, maji ya chumvi yakitiririka kusafisha njia, na daktari anafanya kazi akitazama skrini.

Mgonjwa wa kwanza wa shingo kwa njia hiyo alikuwa Mama Syokau, mkulima wa Matiliku. Tangu usichana alibeba maji na kuni mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopitishwa utosini. Kisahani laini kati ya pingili za shingo kilikuwa kimechomoka na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi. Mkono wa kulia uliwaka moto, na kikombe kilimponyoka. Tena picha zilionyesha njia ya uti wenyewe imeanza kuwa nyembamba.

Hapo ndipo kazi ilipokuja kwangu. Kwa kawaida, ili kumtia mgonjwa mrija wa pumzi, tunamlaza usingizi kwanza kisha tunainamisha kichwa chake nyuma. Shingo ya Mama Syokau ikiinamishwa hivyo, angeweza kuamka miguu imepooza.

Daktari aliniita kando. "Mzee Mutisya, mimi naweza kufanya upande wangu. Wewe ukisema hapana, tunampeleka Nairobi."

"Nitamtia mrija akiwa macho," nikasema.

Mama Syokau aliposikia alikataa katakata. "Nikabwe koo nikiona? Nirudisheni nyumbani!"

Nilivuta kiti nikaketi. "Mwaitu," nikamwita, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "mrija huongozwa na kamera nyembamba inayopita puani. Hata mimi nilitiwa kamera hiyo nikiwa mafunzoni. Tulijaribiana sisi kwa sisi."

Akanitazama. "Ulilia?"

"Machozi yalitoka. Kukohoa nilikohoa. Lakini niliendelea kupumua."

"Basi nishike mkono."

"Mikono yangu yote itakuwa kazini. Muuguzi atakushika. Ukiona huwezi, inua kidole, nami nitasimama."

Asubuhi ya upasuaji nilimpulizia dawa ya ganzi puani na kooni, nikapitisha kamera taratibu. Nyuzi za sauti zilipotokea kwenye skrini, alikohoa kwa nguvu, akainua kidole. Nikasimama. Thieta nzima ilisimama. Daktari alikunja mikono, akangoja.

"Pumua, Mwaitu. Nakungoja wewe."

Kidole kilishuka chenyewe. Akavuta pumzi ndefu, nyuzi zikafunguka, nami nikapita. Mrija ulipokaa nilimwambia asogeze vidole vya miguu. Vikasogea. Hapo tu ndipo nilipomlaza, tukamgeuza kifudifudi kichwa kikiwa kimeshikiliwa imara.

Daktari aliparuza mfupa kidogo kidogo. Mara skrini ikawa nyekundu, hatuoni kitu. "Ongezeni maji kidogo. Mzee, presha?" "Imetulia, Daktari." Damu ikasafika, na mshipa ukaonekana, mweupe, umekaa huru.

Alipoamka, kitu cha kwanza nilichomwuliza kilikuwa miguu. Aliisogeza yote miwili, kisha akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Moto umezimika mkononi." Nguvu za vidole zilichukua miezi kurudi, lakini zilirudi.

Baada yake walikuja wengine, na hatukuwaandikia tena safari ya Nairobi. Wapo maafisa wa usingizi leo katika kaunti hizi mbili waliojifunza kwangu kutia mrija huo, na nikisikia wanasifiwa natunisha kifua.

Nimestaafu, niko Kathonzweni na pojo zangu na mbuzi. Majirani huniita Daktari. Mwanzoni nilikuwa nawakatalia: mimi si daktari, mimi ni mtu wa usingizi. Jumapili moja nje ya kanisa mzee mmoja akaniuliza, "Kwani ni nani alikuwa akihakikisha wanaamka?"

Tangu siku hiyo wakiniita, naitika.