Mama na Mkwewe Wajiandaa Kwenda Kwenye Theluji

Mdogo wangu wa kiume alikwenda Uswisi kusomea kilimo, akaishia kupandisha watu mlimani. Ndivyo mama alivyokuwa akiwaeleza wenzake wa jumuiya hapa Shanwe, Mpanda, na ndivyo ilivyo. Yuko kwenye mlima mkubwa wenye hoteli nyingi, na huko kileleni theluji haiishi mwaka mzima. Kazi yake ni kuwakalisha watu kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, viti viwapeleke juu. Wakifika wanafunga mbao ndefu miguuni, wanateleza mpaka chini, halafu wanarudi kwake awapandishe tena.

"Kwani huko juu wanafuata nini?" mwanajumuiya mmoja aliuliza.

"Hawafuati kitu," mama alisema. "Wanateleza tu."

"Na wanalipia?"

"Wanalipia."

Yule mwenzake akatikisa kichwa, akapendekeza tumwombee kijana wetu apate kazi ya maana.

Baada ya Pasaka mdogo wangu akapiga simu. Alisema hoteli moja kule huwapa ndugu za wafanyakazi vyumba vikiwa vitupu, na tikiti za watu wawili atashughulikia yeye. Alitutaka mama na mimi. Mimi ndiye mkubwa, ni fundi cherehani, na Kiingereza changu ni cha kusomea maelekezo ya mashine, lakini kwa mama kilikuwa kinatosha kuzunguka dunia.

"Njooni Julai," alisema. "Mpunga mtakuwa mmeshavuna, na huku ni kiangazi. Lakini juu theluji ipo."

Mama alininyang'anya simu. "Kama theluji haiishi, wanalima lini?"

"Juu hawalimi, mama."

"Sasa wanakula nini?"

"Wananunua."

Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyepata habari za njaa. Papo hapo akaamua tutabeba unga, dagaa wa Karema na asali ya Ugalla. Mdogo wangu alijaribu kumweleza kwamba Uswisi ina asali. Mama akamuuliza nyuki wanatoa maua wapi kwenye theluji, na kijana akahamia kwenye habari za nguo nzito.

Tukaanza na nguo. Nilikuwa na picha aliyotutumia, watu wamevaa makoti yaliyovimba na suruali zenye mikanda ya mabegani. Nilidhani tutahangaika mpaka Tabora. Kumbe Mpanda ilishajaa hizo nguo bila mimi kuziona. Waendesha bodaboda wetu, ule msimu wa baridi ya asubuhi, ndizo wanazovaa, na hakuna hata mmoja anayejua alivaa nini. Kwenye mitumba muuzaji alipoona picha alichekelea, akavuta ovaroli moja la pinki kutoka chini kabisa ya rundo. Lilikuwa nene kama godoro.

"Hili limenikalia siku nyingi," alisema. "Nilidhani ni la mtu wa kuzima moto."

Mama akalijaribu hapohapo, juu ya kitenge chake, jua likiwa la saa saba. Nilimwambia alivue, jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Akakataa. Alisema bado jirani yake hajaliona. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, akisalimia watu ambao siku nyingine huwa hawasalimii. Mikono ilikuwa mirefu kidogo, nikaipunguza kwa cherehani, sindano zikikatika kila mara.

Baada ya hapo akaanza kuangalia video. Kijana alitutumia nyingi, na kwenye kila moja kulikuwa na mtu anayeanguka.

"Mimi siendi kuanguka mbele ya Wazungu," mama alisema. "Tujifunze kwanza."

"Tujifunzie wapi, mama? Hapa hata mlima hatuna."

Alishafikiria. Upande wa Kakese kuna mashine ya kukoboa mpunga, na nyuma yake pumba zimemwagwa miaka na miaka mpaka zimekuwa kilima. Zinang'aa, zinateleza, na ukianguka hazikuumizi. Hayo ya kutokuumiza alisema mama.

Mwenye mashine alikubali, alidhani tunataka pumba za kuku. Alipoona nashusha mbao mbili nilizochongesha kwa seremala, zenye mikanda ya mpira wa tairi ya kufungia miguu, alizima mashine yake ili aone vizuri. Wabeba magunia nao wakaja. Wanawake waliokuwa wanapepeta mchele wakageuza viti.

Mama hakutaka mbao. Alikuwa amekuja na beseni. Alipanda kile kilima kwa magoti, katika ovaroli la pinki, akakaa ndani ya beseni, akafanya ishara ya msalaba na kujisukuma. Alishuka kama maji. Pumba ziliruka kila upande, na alipofika chini beseni liliendelea mpaka karibu na mlango wa choo, likasimama lenyewe. Watu wakapiga makofi. Mama akainuka, akajipangusa, akarudi kupanda.

Basi na mimi roho ikaniuma. Nilifunga zile mbao, nikasimama wima kileleni kama wale wa kwenye video, nikakunja magoti. Nilichosahau ni kwamba pumba si theluji. Mbao moja iliteleza, nyingine ikachimba. Mimi nikaenda na ile iliyoteleza, mguu wa kushoto ukabaki na ile iliyochimba.

Hospitali, daktari kijana alishika picha ya mguu na kuuliza nilianguka wapi.

"Kwenye pumba za mpunga."

"Ulikuwa unazibeba?"

"Nilikuwa nateleza. Najiandaa na safari ya Uswisi."

Alimgeukia mama kupata maelezo ya mtu mzima. Mama, bado na pumba kwenye nyusi, alimwambia kwamba mimi sikukaa vizuri, yeye alishuka mara tatu bila shida.

Nikafungwa plasta mpaka gotini na kuambiwa nisahau safari. Mama alilia kidogo, kisha akauliza nani ataziba nafasi yangu. Ukituacha mama na mimi, mwenye pasipoti hai katika ukoo mzima alikuwa mmoja tu, mume wangu, kwa sababu ni dereva wa lori na anakwenda Kongo na Zambia.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Mume wangu ni Msukuma, na amelelewa kwamba mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawashikani mikono, hawakai karibu. Mama ni Mkonongo, lakini sheria hiyo aliipenda kuliko Wasukuma wenyewe. Tangu tuoane walikuwa hawajawahi kuzungumza ana kwa ana. Akitaka kumwambia kitu husema, "Mwambie huyo baba." Huyo baba amekaa hapohapo, anasikia, na anasubiri nimwambie. Siku moja mume wangu alimwona mama anakuja barabarani, akaingiza lori zima kwenye njia ya ng'ombe ili asipishane naye.

"Mama watoto, unaniua," alisema nilipomwambia. "Ndege moja na mama mkwe?"

"Ndege ni kubwa."

"Ina ukuta katikati?"

Akampigia mjomba wake kule kwao. Mjomba alifikiri sana, akasema angani hakuna ukoo uliowahi kuweka sheria, ila kwa usalama katikati yao akae mtu mwingine. Tukampigia mdogo wangu kwa spika, atafute viti ambavyo katikati yake kuna mgeni.

"Shemeji," alisema, "mgeni gani? Namtoa wapi?"

"Yeyote. Mchina hata."

"Na huku mlimani je? Viti vyetu vinabeba watu wawili wawili."

Mume wangu aliweka simu mezani taratibu kama kitu cha moto. Mama alikuwa upande wa pili wa pazia na alisikia yote.

"Mwambie huyo baba," alisema, "mimi nitapanda na mwanangu."

"Mama, mimi ndiye nasimamisha mashine!" simu ikajibu.

Ikabidi tufanye mazoezi mengine, na haya niliyasimamia mimi nimelaza mguu kwenye stuli. Niliwapangia wale chakula chumba kimoja. Siku ya kwanza mume wangu alikula akiangalia ukuta, mama akiangalia dirisha, nikawa nawapitishia mboga kama konda. Siku ya pili wote wawili walisema wameshiba kabla sijapakua. Kadiri siku zilivyoenda wakaanza kuvumiliana. Safari ya Dar es Salaam kufuatilia viza ilisaidia pia, maana basi liliharibika njiani na ikabidi wagawane muhindi mmoja wa kuchoma. Mume wangu aliukata katikati, akaweka kipande cha mama juu ya jiwe, akaondoka. Mama akaja akakichukua.

Viza zikatoka. Siku ya kuondoka mama alivaa ovaroli la pinki tangu nyumbani, kwa sababu kwenye begi halikuingia. Nilibaki mlangoni na magongo yangu. Nililia kweli, na mama alidhani ni mguu.

Walipofika, simu hazikuwa nyingi. Mama alionekana kwenye video akiwa mbele ya mlima mweupe kabisa, jua linawaka, yeye amekunja uso. Nilimuuliza kama ameteleza.

"Mwanangu, mimi niliangalia chini mara moja tu. Nikaomba chai."

Habari za kile kiti alinisimulia mume wangu aliporudi. Mdogo wangu aliwakalisha wote wawili, akafunga chuma, akawasukuma kwenda juu. Kila mmoja alijibana pembeni kwake mpaka kiti kikalala upande wa mume wangu. Katikati ya safari upepo ukaja, na mashine ikasimamishwa. Wakaning'inia. Chini yao ni theluji tu na kivuli chao. Mume wangu alifumba macho. Anasema amewahi kukutana na majambazi barabarani na hakuogopa namna ile.

Kisha akasikia sauti pembeni yake. "Baba, umekula?"

Alidhani mama anaongea na mtu mwingine. Alipofumbua macho, mama alikuwa amemnyooshea kiazi cha kuchemsha kutoka mfuko wa ovaroli.

"Nimekula, mama. Asante."

"Kula tena. Hatujui tutakaa hapa mpaka lini."

Wakala kiazi hicho huko angani. Mama akamweleza jinsi nilivyokuwa mtoto mkaidi, nilivyopanda mti wenye mzinga wa baba kule Ugalla nikaumwa na nyuki mpaka macho yakafumba, na kwamba alishangaa sana alipotokea mwanaume wa kunioa. Mume wangu akasema na yeye hushangaa. Walicheka mpaka kiti kikayumba, wakashika chuma kwa hofu, wakacheka tena. Mashine ilipoanza kwenda, anasema, alitamani ingechelewa kidogo.

Nilipomuuliza mume wangu kuhusu theluji yenyewe, alisema ni baridi, ni nyeupe. Hakuwa na zaidi. Kilichomtoa machozi ni ng'ombe. Kumbe ukishuka kutoka kwenye ile theluji, kwenye majani mabichi, kuna ng'ombe wakubwa wa maziwa, kila mmoja na kengele shingoni. Aliwaona siku ya pili na hakupanda tena juu. Alishinda kwenye zizi la mzee mmoja wa kule, hawana lugha moja, wanaonyeshana viwele na kwato kwa vidole. Mzee alimfundisha kukamua kwa namna yao, yeye akamwonyesha namna ya kwetu, na mama akaletewa kikombe cha maziwa kila asubuhi.

Sasa mume wangu ameanza kuulizia ng'ombe wa kisasa mjini. Yupo mmoja wa kuuzwa njia ya kwenda Kakese, mwekundu, ana hasira. Jana walikwenda kumwangalia wawili, yeye na mama, wamepanda pikipiki moja.