Fomu Iliyokuwa Ikifutika Beni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi ya kutengeneza tovuti imezizidisha. Ofisi yangu ni chumba kimoja katika mtaa wa Kimemi, juu ya duka la mabati. Shule moja ya wakunga hapa Butembo iliniomba fomu ya kujiandikisha kwenye mtandao, kurasa tisa, mtu ajaze kidogo kidogo siku anazopata nafasi.

Nilijiona nimetumia akili. Majibu yote niliyaweka ndani ya simu ya mwombaji, pamoja na lugha aliyoichagua na ukubwa wa herufi. Hivyo mega zake za intaneti haziishi haraka, na mtandao ukikatika hapotezi kitu. Akimaliza ukurasa wa tisa ndipo anatuma yote kwa mara moja. Nilijisifu mbele ya mkurugenzi wa shule mpaka akachoka kunisikiliza.

Siku moja kabla ya fomu kufungwa, asubuhi, mama mmoja aliingia na vumbi la barabara ya Beni mpaka kwenye kope. Alikuwa amekimbia vita Kanyabayonga na watoto wawili, na sasa anakaa kwa familia moja ya mtaa wa Beu, mjini Beni, iliyompokea bila kumjua. Kwao alizalisha wanawake miaka mingi bila cheti. Karatasi zake zote zilibaki kule. Shule ilikubali kuwapokea hata waliopoteza karatasi, mradi wajieleze vizuri kwenye fomu. Kwake fomu ile ndiyo ilikuwa mlango pekee.

"Formulaire yako inakula maneno yangu," akaniambia. "Nimeijaza mara tatu. Kesho yake nikifungula, hamuna kitu."

Nikapandisha hasira. Nilimwambia kwa ukali kwamba fomu haili maneno ya mtu, na kwamba watu hubonyeza ovyo halafu wanamlaumu fundi. Hakuondoka. Basi nikamwomba anionyeshe jinsi anavyofanya.

Alitoa simu iliyofungwa kwenye kitambaa. Haikuwa yake, ilikuwa ya mama mwenye nyumba, ambaye humwazima kila alasiri na siku hiyo alimwachia asafiri nayo. Alijaza ukurasa wa kwanza taratibu, akahifadhi. Halafu, kidole kikienda chenyewe, akaingia kwenye mipangilio na kufuta kumbukumbu yote ya kurasa alizofungua, pamoja na majibu yake.

"Mama! Unafanya nini?"

"Minaipangusa," alisema, akinishangaa. "Kitu ya mutu unairudisha safi. Utarudisha sahani ya mutu na mabaki?" Kisha akashusha sauti. "Tena mule ndani niliandika namna bwana yangu alikufa. Yule mama ameniweka kwake. Hapana muzuri aikute mu telefone yake."

Hasira ikaniishia pale pale, nikabaki na aibu. Mimi pia nimelelewa hivyo, na nyumbani kwetu simu moja ilihudumia mama yangu, shangazi wawili na jirani. Lakini nilipoketi kutengeneza fomu, nilimfikiria mtu mmoja mwenye simu yake mfukoni. Sijui mtu huyo nilimtoa wapi.

Nilimwomba radhi, nikamletea chai, nikaanza upya. Majibu yakahamia kwenye mashine ya shule inayotunza tovuti. Kila mwombaji akapata namba na neno la siri, na chini ya kila ukurasa nikaweka kitufe cha kutoka, kinachoacha simu bila alama yoyote. Lugha na herufi kubwa zikawa za mtu, si za simu tena. Ilinichukua mpaka saa nane mchana, yeye ameketi kando ananitazama.

Nikamwambia ajaze ukurasa mmoja, atoke, kisha aipanguse simu kama kawaida yake. Alipomaliza nikampa simu yangu mimi. Akaandika namba yake na neno lake la siri. Fomu ikafunguka kwa Kiswahili, herufi kubwa, maneno yake yote yakiwemo.

Alipitisha kidole juu ya maneno yake.

"Donc telefone ikipotea, inabaki?"

"Inabaki, mama."

"Na nikikimbia tena?"

"Hata ukikimbia."

Akasogeza kiti mezani. Aliandika mpaka ukurasa wa tisa bila kuinua kichwa, akatuma.

Baada ya wiki kadhaa shule ilinipa orodha ya waliopokelewa niiweke kwenye tovuti. Kabla ya kuigusa nilitafuta namba yake ya fomu. Ilikuwemo. Sikuweza kungoja aisome mwenyewe, nikapiga simu Beu, kwa namba aliyoiacha kwenye fomu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyepokea, nikamweleza namtafuta nani na kwa nini. Alipaza sauti kuelekea uani, akimwita kama dada yake mkubwa: "Yaya! Kuya mbio! Bamekupokea ku masomo!"

Nikasikia sufuria ikianguka, na miguu ya mtu ikija mbio.