Agathe wa Kasenga na Mwito wa Ng'ombe

Umeme ukikatika, mtaa mzima wa Kasenga, mjini Uvira, hununa, isipokuwa Agathe. Wenye saluni hutoka nje na kushika viuno, muuza samaki huanza kuulilia mzigo wake kabla haujaharibika, na fundi wa kulehemu hutukana kila waya ulioko kati ya hapa na Bukavu. Agathe yeye hufunga dirisha la kibanda chake cha kurekodia muziki, hutundika blanketi mlangoni, na kuita kwa furaha isiyo na haya: "Haya, ingieni, ni saa yetu!" Friji za majirani zimenyamaza, redio zimenyamaza, kinu cha kusaga muhogo kimenyamaza. Kompyuta yake inakula betri iliyojazwa na jua juu ya bati. Kwa saa moja au mbili anapata kimya ambacho hakiuzwi soko lolote la Uvira, na ndani ya kimya hicho ndipo anaporekodi.

Kwa asiyemjua, Agathe ni mwanamke mfupi wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, mwenye mwendo wa haraka na kicheko cha ghafla. Kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na saba, parokiani, baada ya mtu wa vyombo vya sauti kuhamia mji mwingine bila kuaga. Jumapili hiyo spika zilipiga yowe katikati ya misa. Padri akakunja uso, kwaya ikaziba masikio. Agathe akatoka kwenye mstari wa waimbaji, akaisogeza maikrofoni hatua mbili, na yowe likakoma. Hakurudi tena mstarini. Mpaka leo kwaya ndizo zinazomlisha: Wakatoliki asubuhi, Waprotestanti mchana, na matangazo ya harusi katikati.

Lakini moyo wake uko kwingine. Anao muziki wake mwenyewe, ambao yeye huuita muziki wa polepole. Hauna ngoma wala kiitikio. Huchukua mlio mmoja wa chombo cha wazee, akauvuta kwenye kompyuta mpaka ukatanda chumba kizima, akauwekea chini mawimbi ya ziwa aliyoyanasa kule Kalundu, au mvua ya juu ya bati, kisha akaacha vitu hivyo vizoeane. Kibandani mwake wamepita watu ambao kwingine wasingeketi benchi moja: Wavira, Wabembe, na Ninahazwe, mama wa Kirundi anayepiga uta wa muziki wenye kibuyu. Pitchou, dereva wa pikipiki anayeegesha mbele ya mlango, amekwisha kata tamaa kabisa.

"Mama Agathe," humwambia, "hii muziki yako inatafuta nini? Nangojea ngoma iingie tangu asubuhi!"

"Endelea kungojea, Pitchou."

Mtu wa kwanza kumfundisha adabu katika kazi hiyo alikuwa Donatien, Mfuliiru wa Sange, kule bondeni, mkulima wa mpunga na mpigaji wa likembe, kile kibao chenye vyuma vidogo vinavyochezwa kwa vidole gumba. Agathe alimrekodi, kisha akakuta chuma cha tatu hakipatani na kinanda cha kompyuta, akakinyoosha kwa mashine. Donatien alisikiliza mara moja tu. "Chuma ya tatu umeifanya nini? Baba yangu aliiacha vile." Mwingine angebishana. Agathe alishinda siku mbili akizirekebisha sauti zote za mashine, moja baada ya nyingine, mpaka zikapatana na chuma kile cha tatu. Tangu hapo hiyo ndiyo sheria ya kibanda chake: mwenye kujifunza ni mashine. Ni watu wachache wenye cheti ambao wangefikia hapo, na Agathe hana cheti.

Basi, jirani na kibanda hicho Uwimana anauza maziwa ya mgando. Miaka michache iliyopita baba yake, mzee Sebagenzi, alishuka kutoka milima ya juu wakati wa vita na kuja kuishi kwake. Ni mchungaji wa Kinyamulenge, mrefu, mtaratibu, kofia yake haitoki kichwani. Alishuka na Biblia, fimbo na filimbi. Ng'ombe hakushuka na hata mmoja. Kutwa alikuwa akikaa penye maziwa ya bintiye, akionja kila dumu linaloletwa na kusema limetoka wapi. "Hii ni ya Luvungi. Hii ilikula majani ya mutoni." Hakukosea, na wateja walianza kuja kwa ajili ya kumsikia tu.

Agathe alipogundua kwamba ndani ya koti lile kuna filimbi, hakumwacha apumue. Alimbembeleza mwezi mzima. Hatimaye mzee akaingia kibandani siku ya kukatika umeme, akapiga wimbo wa asubuhi, wa kuwatoa ng'ombe zizini, na wimbo wa kuwanywesha. Agathe alisikiliza huku ameshika mdomo. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye pumzi nyingi. Akaomba wimbo wa tatu, ule wa kuwaita ng'ombe warudi jioni.

"Ule, apana," mzee akasema.

"Juu ya nini, Muzee?"

"Ule una nafasi katikati. Unaita, kisha unanyamaza. Pale katikati ngombe inaitika, njo unaendelea." Akapuliza kidogo kumwonyesha, sauti tatu tu, akaishusha filimbi. "Baba yangu alitukataza kuupiga bila ngombe. Ni sawa kusimama mu mulango na kuita mutoto mwenye alikufa. Miye nikiita sasa, nani ataitika?"

Agathe hakuomba tena. Ila kinasa sauti kilikuwa kimewaka, na zile sauti tatu zilikuwa zimeingia.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa upendo, jambo ambalo halipunguzi kosa. Wakati huo ukumbi mmoja wa Bujumbura ulikuwa umemwomba kipande cha dakika ishirini kwa tamasha la jioni, na alikuwa hajawahi kuombwa kitu kama hicho maishani. Alizichukua zile sauti tatu, akazirefusha, akazilaza juu ya uta wa Ninahazwe na mawimbi ya Kalundu. Nafasi ya katikati akaijaza mwangwi: filimbi inaita, na baada ya kitambo, kwa mbali, filimbi ile ile inaitika, laini, kama iko ng'ambo ya bonde. Kilikuwa kipande kizuri. Hata Pitchou alizima pikipiki yake akasikiliza, na hakuuliza habari ya ngoma. Agathe alijiona amepata dawa ya huzuni ya mzee. Akamwita, akamvisha vidude vya masikioni juu ya kofia yake, akasimama kungojea machozi ya furaha.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavivua taratibu na kuviweka mezani.

"Huyu mwenye ananijibu ni nani?"

"Ni weye, Muzee. Mashini inarudisha sauti yako."

"Basi ni miye mwenyewe najijibu." Hakupandisha sauti. "Binti yangu, hata kule juu, siku ya kwanza bila ngombe, sikufika pale."

Akachukua fimbo yake akatoka. Hakurudi wiki ile, wala wiki mbili zilizofuata. Aliacha hata kukaa penye maziwa. Uwimana alisema anashinda chumbani, na filimbi ameifunga ndani ya kitambaa. Agathe aliona aibu mpaka akawa anapitia njia ya nyuma. Alikuwa ameiba kitu kidogo kabisa, sauti tatu, na kwa hicho kidogo akamwonyesha mzee wa watu upweke wake mwenyewe kupitia masikio yote mawili.

Tamasha lilikuwa limebakiza siku kumi na tatu. Kipande kilikuwa tayari, na Bujumbura hakuna ambaye angejua. Agathe alikifungua, akakisikiliza mara moja, akakifuta. Kisha akaifuta na ile rekodi ya kwanza yenye sauti tatu, ili asije akashawishika. Alilia kidogo, hilo halifichi. Baadaye akanawa uso, akampigia simu Donatien wa Sange, kwa sababu Donatien ana ng'ombe sita.

Akamweleza yote. Akaomba kumleta mzee kwa ng'ombe hao. Miaka hii watu wa bonde na watu wa milima ya juu wanatazamana kwa wasiwasi, kila upande una waliokufa wake, na kumpeleka mzee wa Kinyamulenge shambani kwa Mfuliiru si jambo la kusema kwa sauti barabarani.

"Batu batasema," Donatien akasema.

"Batasema, ndiyo."

"Anajua kweli kuchunga, ao ni mupiga filimbi tu?"

"Akionja maziwa anakuambia ngombe ililala wapi."

Donatien akacheka. "Mulete. Mufike mapema, mbele ya saa kumi."

Kumshawishi mzee kulikuwa kugumu zaidi. Agathe alipiga magoti penye mlango wa Uwimana, akaomba radhi, akamwambia amefuta kila kitu. Mzee akatikisa kichwa. "Ngombe ya mutu mwengine haijue mwito yangu," akasema. Uwimana, ambaye alikuwa amechoka na baba asiyetoka chumbani, akamletea koti, fimbo na filimbi bila kumuuliza.

Walifika Sange saa tisa alasiri. Donatien alimsalimu kwa mikono miwili, na mzee akaitika kwa heshima ile ile, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha ruka bega la mwenyeji. Ng'ombe sita walikuwa wakila kando ya mpunga. Akawaendea. Akashika sikio la huyu, akapapasa mgongo wa yule, akamtazama mdomoni ng'ombe wa kahawia mwenye pembe iliyovunjika na kumkemea Donatien kwa kupe aliyekuwa chini ya mkia. Donatien, mtu mzima mwenye wajukuu, akaomba msamaha.

Saa kumi na nusu mzee akapanda kwenye kichuguu karibu na nyumba, akaitoa filimbi kitambaani. Agathe akawasha kinasa sauti kwa idhini yake. Mzee akauanza mwito, ule wa baba yake, akafika kwenye nafasi, akanyamaza.

Ng'ombe waliendelea kula.

Akapuliza tena, akanyamaza. Upepo ukapita mpungani, pikipiki ikalia barabarani. Hata sikio moja halikugeuka. Agathe aliona kofia ya mzee ikiinama, akatamani kuzima mashine, akatamani ardhi immeze yeye na mashine yake. Lakini hakuzima. Mzee alikuwa bado amesimama, na yeye hakuwa na haki ya kuamua kwamba mambo yamekwisha.

Aliyeona aibu zaidi ya wote alikuwa Donatien. Ng'ombe wake walikuwa wamekosa adabu mbele ya mgeni. Akaingia ndani mbio, akatoka na likembe, akasema kana kwamba anawatetea watoto wake: "Muzee, usikasirike. Hizi zilizoea hii." Akapiga. Ni wimbo mfupi aliozoea kuupiga akitembea mbele yao kwenda majini, na chuma cha tatu kikalia vile baba yake alivyokiacha. Ng'ombe sita wakainua vichwa kwa pamoja, wakaanza kuja.

Mzee Sebagenzi akageuka. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Ulikuwa wa mtu aliyesikia habari ya maana.

"Rudia," akasema.

Donatien akarudia. Mzee akaufuata kwa filimbi, akakosea, akatikisa kichwa, akaomba tena. Mara ya nne akaupata, ila akauachia nafasi katikati, kwa sababu hajui kuita bila kungojea. Akawarudisha ng'ombe mpaka mwisho wa shamba kwa fimbo yake, akarudi kichuguuni jasho likimtoka, akamwomba Donatien aweke likembe chini. Kisha akapuliza peke yake, wimbo wa Donatien kwa pumzi ya milimani, akafika kwenye nafasi, akanyamaza.

Wa kahawia mwenye pembe iliyovunjika akainua kichwa, akatazama, akalia: mlio mrefu, mzito, katikati kabisa ya ile nafasi.

"Imeitika," mzee akasema polepole. Akamalizia wimbo, na machozi yakimshuka hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Kipande kilichokwenda Bujumbura hakina mwangwi hata mmoja. Agathe alitandika uta wa Ninahazwe chini, likembe juu kidogo, na mwito wa kwanza akauacha vile ulivyokuwa, na kimya chake chote, upepo na pikipiki. Siku ya tamasha, saa kumi na moja jioni, watu ukumbini walikohoa wakati wa kimya kile, wengine wakadhani mashine imeharibika. Kisha yule ng'ombe akalia. Mama mmoja safu ya mbele alishika mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Watu walisimama kupiga makofi, na Agathe akainama mara moja, kisha akakimbilia nje na simu.

Kiti cha mzee Sebagenzi kilikuwa kimebaki kitupu. Alikuwa amealikwa, Uwimana alikuwa amekwisha kupiga pasi koti lake, lakini siku hizi mzee hupanda basi la Sange karibu kila adhuhuri, na hakuona kwa nini siku hiyo iwe tofauti.

Simu ililia muda mrefu kabla hajapokea, akihema.

"Muzee! Batu bamesimama! Banapiga makofi, sikia!"

"Ni vizuri, binti yangu, Mungu akubariki," mzee akasema. "Lakini sema mbio mbio. Ngombe ziko zinaningojea."