Shafti Isiyokuwa na Mwenyewe

Watu wakiniuliza kama ni kweli nilikuwa na gari miaka ile ya hamsini, huwa nawaambia hapana, sikuwa na gari. Nilikuwa na chini ya gari. Wanacheka wakidhani nawatania, lakini ndivyo ilivyokuwa. Pikapu yetu ilikuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja alijua sehemu yake: shemeji yangu injini, jirani yetu seremala bodi, na mimi magurudumu, springi na breki.

Mpango wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa wa marehemu mume wangu, kaka yake mkubwa na huyo seremala, aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Waliichukua pikapu ikiwa tayari imechoka, kutoka kwa mzungu mmoja wa Dundori, kule juu milimani, aliyekuwa amepata mpya, na kwa kuwa hakuna aliyewajulisha watu watatu wanamiliki vipi kitu kimoja, wakafuata njia waliyoijua. Kwetu mbuzi akichinjwa hakuna haja ya kubishana. Kuna nyama ya wazee, kuna ya akina mama, kuna ya vijana, na kila mtu anajua mkono wake unapoelekea. Basi wakaizunguka ile pikapu uani kwetu Bondeni, mtaa wa Nakuru, wakaigawa vivyo hivyo. Shemeji ndiye aliyekuwa dereva, akachukua injini. Seremala akachukua bodi, maana nyuma ilikuwa ya mbao na mbao ndiyo kazi yake. Mume wangu akabaki na chini.

Mapato ya kubeba mizigo waligawana sawa, lakini kila mtu alitengeneza chake. Na waliwekeana sharti moja mbele ya wazee: anayeitengeneza sehemu ndiye mwenyewe. Ukiiacha ikaharibika na mwenzako akaishughulikia, umeipoteza, usilete maneno.

Mume wangu alikuwa ameharibika mgongo katika kazi ya utaniboi, kubeba magunia ya watu miaka na miaka. Kuinama hakuweza, sembuse kulala chini ya gari. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliyelala chini ni mimi, nimevaa koti kuukuu la jeshi, naye amekaa kwenye kigoda akinielekeza. "Si hiyo. Ile ya nyuma yake. Legeza, usilazimishe." Siku moja mama mmoja aliyekuwa akipita aliona miguu ya mwanamke imetokeza chini ya pikapu, haitikisiki, akaenda mbio kwa mama mkwe wangu kumwambia nimekanyagwa. Mama mkwe alikuja akilia. Nilipotoka nikiwa nimejaa grisi usoni, alinitazama, akafuta machozi, akaniambia heri ningekuwa nimekanyagwa kweli.

Ndivyo nilivyojifunza. Nilijua kuziba mpira kwa kipande cha tyubu kuukuu, nikisugua mpaka pande zote mbili ziwe na ukungu wa vumbi ndipo zishikane. Nilijua kuosha beringi kwa mafuta ya taa na kuzisikiliza zikizunguka kidoleni, maana beringi iliyokufa inasema yenyewe. Mume wangu aliponiacha, kifua kilipomshinda msimu wa baridi, sikuwa na jambo la kujifunza upya. Nilikuwa tu nimebaki bila mtu wa kigodani.

Shemeji hakuona hivyo. Matanga hayajaisha vizuri, alisema mbele ya watu, "Magurudumu ya ndugu yangu yanarudi kwangu. Mwanamke atayafanyia nini?" Seremala akamjibu kwamba sharti ni sharti: maadamu naitunza sehemu hiyo, ni yangu. Shemeji akanyamaza, lakini niliona amenyamaza kwa kungoja. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mwanamume aliyezoea kwamba mali ya ndugu huzunguka na kurudi kwa ndugu. Mimi nami nilikuwa na watoto wanaokula kutoka kwenye magurudumu yale. Yakiondoka, ningerudi kuchuma maua ya pareto katika shamba la mzungu na kulala kwenye kambi yake, nao watoto wangekuja na vikapu nyuma yangu. Nilikuwa nimeapa hilo halitatokea, na mimi nikiapa huwa sina mchezo.

Kosa la kwanza nililifanya mapema. Springi ya nyuma ilivunjika kibapa kimoja, yaani bamba lake moja la chuma, na nikaifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, jinsi watu wetu wanavyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Ngozi ikiwa mbichi unaivuta kwa nguvu zako zote, ikikauka inabana kuliko waya. Ilibana vizuri sana. Nilijisifu sokoni. Kesho yake asubuhi tukakuta mbwa wa mtaa mzima wamelala chini ya pikapu wameshiba, na springi iko uchi. Shemeji alicheka hadi akashika ukuta. "Mwambieni fundi wetu akipika springi nyingine aweke na chumvi." Niliifunga upya kwa ngozi nyingine, safari hii nikaipaka lami nene. Mbwa walinusa wakaenda zao, na ngozi ile ilikaa.

Tulikuwa tukipanda Dundori na unga, sukari na chumvi ya maduka, tukishuka na viazi na kabichi za soko la Nakuru. Siku ninayotaka kuieleza tulikuwa tunapanda, mimi juu ya magunia, seremala nyuma kabisa ameshika jiwe la kuegemeza gurudumu, shemeji kwenye usukani. Katikati ya mlima kukasikika mlio wa chuma, tukatikisika, kisha kitu kikaanza kupiga barabara chini yetu kwa nguvu. Injini ikanguruma kuliko kawaida, lakini gari likaanza kurudi nyuma. Shemeji akakanyaga breki, breki zangu, nazo zikashika. Seremala akaruka akaweka jiwe.

Tuliposhuka, tuliona shafti imelala barabarani. Ni ule mlingoti wa chuma unaopita chini ya gari, unaochukua nguvu za injini na kuzipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Krosi, yaani kile kichuma cha msalaba kinachoiunganisha shafti na ekseli, kilikuwa kimelika. Vile vijisindano vinavyokaa ndani ya vikombe vyake vilikuwa vimesagika na kuwa unga.

Shemeji alifungua boneti, akasikiliza, akafunga. "Injini yangu iko sawa. Mmeisikia."

Nikamwambia, "Magurudumu yangu yanazunguka. Sukuma uone."

Seremala akagonga mbao zake kwa ngumi. "Bodi haina neno."

Tukasimama tukiitazama ile shafti kama mtoto aliyeletwa mlangoni na mtu asiyejulikana. Ilianzia kwenye injini na kuishia kwenye magurudumu, na siku ile ya kugawana hakuna aliyekuwa ameitaja. Shemeji alisema ni juu yangu kuitengeneza kwa sababu inaishia kwangu. Mimi nikasema ni juu yake kwa sababu inaanzia kwake. Tulibishana hadi sauti zikatukauka, pikapu iko pale na chumvi ya watu. Mwishowe tulipewa ng'ombe wa kulima na mkulima mmoja, wakatuvuta mpaka kwenye uwanja wa kanisa la kule juu Dundori, na hapo pikapu ikakaa.

Ilikaa muda mrefu. Wenye maduka wakatafuta gari lingine. Shemeji alikwenda kwa muuza vipuri mjini, akaambiwa krosi ya gari kuukuu namna ile itaagizwa Ulaya, ije kwa meli, na hakuna anayejua lini. Baadaye nikasikia, si kutoka kwake, kwamba amezungumza na mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Gari likiuzwa lote, sehemu yangu nayo imekwisha, na hakuna sharti la kulinda magurudumu yaliyoyeyushwa.

Nikaomba wazee waketi. Mbele yao nikasema, "Hii shafti haina mwenyewe. Mimi nimeichukua. Ikitengenezwa na mimi, ni yangu."

Shemeji alinitazama, kisha akacheka taratibu. Alidhani nimejifunga kitanzi. "Chukua, shemeji. Wazee mmesikia, ni yake, na shida yake ni yake. Lakini mvua ikianza na gari haijatembea, tunaiuza yote, na hizo magurudumu zinaenda na hiyo gari."

"Nimekubali," nikasema. Seremala aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa akiniombea.

Sikuwa na krosi, wala sikuwa na mahali pa kuagiza kitu Ulaya. Nilikuwa na kiondo. Nikaifungua shafti nishuke nayo, nikaitia krosi mbovu kiondoni, nikashuka mjini, nikaenda nyuma ya reli mahali magari ya vita yalipokuwa yametupwa. Nilitambaa chini ya mizoga ile siku baada ya siku, nikipima kwa kamba yenye mafundo. Mlinzi wa pale alinizoea hata akawa ananiuliza, "Mama, leo umezika nani?" Niliipata krosi moja yenye urefu sawasawa na yangu. Shida yake ni kwamba mikono yake ilikuwa myembamba. Ukiiingiza kwenye vikombe vya zamani inacheza, na krosi inayocheza haimalizi kilima.

Nikaketi kizingitini nikifikiri kile mume wangu angesema, na mara hii sikukisikia. Nilikasirika naye, nikasema kwa sauti, "Basi nyamaza, nitajifikiria mwenyewe." Na nilipojifikiria mwenyewe ndipo nikakumbuka bomba la shaba la pampu ya kunyunyizia dawa, lililokuwa limetupwa kwenye banda la seremala. Vijisindano vilikuwa vinajaza nafasi kati ya mkono na kikombe. Kwani lazima iwe sindano? Shaba nayo inaweza kujaza, ikipata grisi.

Nilikata vipande vya bomba kwa msumeno wa chuma, nikaanza kuvipiga tupa. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kipande kikiwa kinene hakiingii, kikiwa chembamba kinacheza, na tupa haina huruma, ikishakula imekula. Nilichukua masizi kwenye chimni ya taa, nikapaka ndani ya kikombe, nikaingiza shaba, nikaizungusha, nikaitoa. Palipoweka doa jeusi ndipo palipogusa, nikapakwangua kidogo tu, nikarudia. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Majirani wakasema nimeingiwa na wazimu wa ujane. Vibana vya kuzuia vikombe visitoke nilivitengeneza kwa spoku za baiskeli. Kipande cha mwisho kilipoingia kwa kusukumwa na kidole gumba, kikakaa bila kucheza, nilishangilia peke yangu pale mlangoni kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima Menengai nilipopanda na shafti mgongoni, nimeibeba kwa kamba ya kuni. Niliifunga pale uwanjani pa kanisa, chali kwenye nyasi. Hakuna aliyenielekeza. Seremala alinipa spana nilizoomba. Shemeji alikuwepo, ameegemea kwenye mti mkono mfukoni. Nilipotoka chini nikamwambia awashe.

Akawasha. Akaweka gia. Pikapu ikatoka pale ilipolala, matope makavu yakianguka kutoka kwenye magurudumu, ikazunguka kanisa. Seremala alisema ni uwanja tambarare, tuone kilima. Tukapakia viazi vya watu wa pale, magunia hadi springi zikalia, tukashuka mpaka chini, tukageuka, tukapanda na mzigo ule ule, ingawa hakukuwa na sababu yoyote ya kurudisha viazi Dundori isipokuwa mimi kutaka kuona. Nilikaa juu ya magunia nikisikiliza chini yangu. Hakuna kilichogonga. Nilikuwa na furaha inayouma kifuani, na nilitaka kila mtu tuliyempita ajue, yule mwenye punda, wale wachumaji wa pareto, askari wa kizuizi cha barabarani aliyekagua vipande vyetu, vile vyeti vya kutembelea, bila kujua anakagua cha nani.

Tulipofika juu, mnunuzi wa vyuma alikuwa uwanjani akitungoja. Alikuwa amekuja na lori na minyororo, kwa siku waliyokuwa wamepatana na shemeji. Akaizunguka pikapu iliyokuwa bado inanguruma, akapiga teke gurudumu langu moja.

"Mzee, uliniambia imekufa," akamwambia shemeji. "Lakini hata hivi nitachukua. Tuongee."

Shemeji alizima injini. Aliketi kidogo kwenye usukani, na mimi nikashuka kwenye magunia nikasimama pale chini. Ningeweza kuanza kusema sharti na wazee na ushahidi. Sikusema.

"Mimi niko na injini tu," shemeji akasema. "Chini yake, kutoka hapo kwenda nyuma, ni ya huyu mama. Ongea na yeye."

Mnunuzi alinitazama, koti la jeshi, grisi hadi kwenye kitambaa cha kichwa, akadhani anataniwa. Nikamwambia haliuzwi. Akamgeukia shemeji tena, na shemeji akawa tayari anateremka, anamwacha aongee na mgongo wake.

Lori lilipoondoka na minyororo yake, shemeji alifungua boneti akasimama akiangalia ndani muda mrefu. Nilijifanya nakusanya spana.

"Shemeji," akaniita bila kugeuka, "hii klachi nayo, wewe unaionaje?"