Ukaguzi wa Kucha Benki

Jumatatu, kwenye benki moja ya Mbale, mama aliyekuwa mbele yangu alifika dirishani, na badala ya kutoa kitambulisho akasema, "Lete mikono."

Karani, dada wa suti, akasimama, akapitisha mikono yote miwili chini ya kioo. Mama akakagua vidole kimoja kimoja. Kucha zote fupi.

"Nilimfundisha voliboli chuoni," akanigeukia. "Kwangu mwenye kucha ndefu hachezi, hata kama basi limeshatufikisha Jinja kwa mechi." Kisha akamwambia karani polepole, "Lakini wewe uliacha mpira zamani. Na mimi nimestaafu juzi."

"Hii mikono haijaambiwa, kocha."

Kocha akaishika, akainamisha kichwa. Foleni nzima tulisubiri. Ilipofika zamu yangu, nilisita kutoa mikono yangu mfukoni.